Irabu Moja

Karani wa dirisha namba nne hakuniangalia.
Alisukuma karatasi chini ya kioo, na kalamu
iliyofungwa kamba, kana kwamba watu wa Muhimbili
huja hapa kuiba wino.

Jina. Umri. Mtaa: Buguruni.
Kisukari kwenye ukoo? Hapana.
Presha? Ndiyo, mama.
Swali la tisa:
kuna ndugu wa damu aliyewahi kujiua?
Mistari miwili ya nukta.

Mistari miwili!

Babu Mwinyimvua, tuliambiwa, alikwenda na homa.
Homa gani ya siku moja, hakuuliza mtu.
Baba mdogo Pazi: presha.
Kondo, mdogo wangu, aliyenifuata ziwa,
kwake hatukupata hata uongo wa kumvika.
Shehe alikohoa, akatazama saa.
Wanawake wakaosha vyombo bila kugonganisha sahani,
na nyuma ya turubai mtu akasema, wala si kwa kunong'ona,
mtoto wa nyoka ni nyoka.

Bibi alikuwa na jina lake: jini.
Jini la ukoo, limetoka Kisarawe ndani ya masanduku yetu,
linataka ubani, linataka kuku mwekundu.
Tulilipa. Likapokea. Halikuondoka.

Leo daktari, binti wa Kinyakyusa,
Tusekile kwenye kibandiko cha kifuani,
ananiambia: jeni.
Nikacheka. Sikukusudia.
Mwanangu, tumetoka mbali kote huko
kuja kubadilisha irabu moja?

Hakukasirika. Akavuta kiti.
Si moja, alisema. Ziko nyingi, ndogondogo kama dagaa,
na hakuna hata moja iliyoandikwa kifo.
Nyingine utazikuta kwa jirani anayelala fofofo.
Zinarithiwa kama ulivyorithi huo mwanya,
kwa kubahatisha: huyu anapata, yule anarukwa.

Unapajua Jangwani?

Nani asiyepajua Jangwani.

Mvua ni ile ile, ya Masaki na ya Jangwani.
Kuzaliwa bondeni si kuzama.
Ila wa bondeni hulala sikio moja liko nje,
godoro hulipandisha mapema,
na anajua mlango wa nani, kule Magomeni,
hufunguliwa saa nane za usiku
bila kuulizwa kulikoni.

Kondo hakuwa na mlango.
Au alikuwa nao: wangu,
na mimi nilimwambia, wanaume hawalii,
kesho una kazi, lala.
Hilo swali halipo kwenye karatasi.

Nikaandika. Mwinyimvua. Pazi.
Mistari ikaisha. Kondo nikamwandika pembeni,
wima, kando ya mhuri,
kama alivyopenda kukaa mwisho wa benchi,
mguu mmoja nje.

Jioni Siwema anakuna nazi. Miaka kumi na saba,
mwanya ule ule.
Wiki ya pili hii halali. Nilimwona, nikanyamaza
vile ukoo wetu unavyojua kunyamaza,
mpaka leo asubuhi miguu ikanipeleka Upanga.
Nikaanza vibaya:
mjomba wako hakwenda Msumbiji.

Mbuzi ikatulia.
"Najua," akasema. "Tangu darasa la nne."
Halafu, macho yako kwenye tui:
"Mama, na mimi kuna usiku najiogopa."

Nikakaa sakafuni, goti langu kwenye goti lake.
Luku ilikuwa inalia, uniti zimebaki mbili.
Hatukuinuka.
Niamshe, nikasema. Hata saa nane.
Hata kama huna la kusema, niamshe tu.
Kesho dirisha namba nne tunakwenda wawili.

Akafuta mkono kwenye kanga yangu, siyo yake.
"Mjomba alikuwa anachekaje?"

Nikamwonyesha.